Nilibadilisha kadi za panya wenye kifafa

Mshauri mpendwa, nakuomba unisikilize maana nyumbani siwezi kusema na kazini ndiyo kabisa. Mimi ni mtunza wanyama katika maabara, nalisha panya na kuosha vizimba vyao, na panya wetu wana kifafa sugu, kile kisichosikia dawa, na daktari wetu anawajaribia dawa ya kutuliza uvimbe kwa sababu anashuku kwamba ubongo kuvimba ndani kwa ndani ndiko kunakowaangusha. Nusu wanachomwa dawa, nusu maji ya chumvi, makundi yanapangwa kwa kura, kisha kila kizimba kinabandikwa kadi ya kijani au ya njano, na sisi haturuhusiwi kujua ipi ni ipi, lakini mimi ndiye ninayeosha chupa, nikaona za vizimba vya kijani zinaacha utando mweupe usioyeyuka kama chumvi, nikajua kijani ndiyo dawa.

Sasa upande wa njano kulikuwa na panya wanne wanaoanguka kupita wenzao, mmoja akijiuma ulimi mpaka damu, na binti wa dada yangu ana ugonjwa huohuo, ana miaka saba, hospitali wamembadilishia vidonge mara tano bila nafuu, basi nikashindwa kuvumilia, nikawapa hao wanne kadi za kijani na wanne wenye nafuu nikawapa njano, nikajiona nimetenda wema. Jumatatu daktari akatuita. "Jamani, dawa haijafanya kitu, makundi yote yanaanguka sawasawa. Alhamisi tunawaua tuchunguze ubongo, halafu tunafunga kazi." Nikajua ni mimi, niliyejaza mahututi upande wa dawa. Najuta, sili, silali. Niseme au ninyamaze?

Mtunza panya

Mtunza panya, pole, na ninaisema kwa moyo. Aliyewahi kumshika mtoto akitetemeka sakafuni hawezi kumtazama panya akitetemeka asiguswe. Lakini kura ile iliwekwa kwa ajili ya watu kama wewe, wepesi wa huruma, nawe ukaichezea.

Barua yako nimeipata Jumatano. Safu hii hutoka Jumamosi, na kila msomaji wetu anajua hivyo. Daktari yuko hatua kumi kutoka kwenye vizimba vyako, ukaona afadhali uniandikie mimi, ili jibu likukute panya wamekwisha kuuawa. Hilo limeniudhi kuliko kadi.

Hata hivyo, mpigie leo, usingoje Jumatatu. Mpe namba za vizimba vinane, tarehe uliyobadilisha, na daftari la kuhesabu kuanguka. Huenda akawatoa hao wanane kwenye hesabu, huenda akaanza upya, huenda akakufukuza. Usijitetee kwa kumtaja mtoto. Dada yako mweleze ulichofanya, na mwanawe aendelee na vidonge vya hospitali. Asithubutu kumnunulia dawa za uvimbe dukani, maana hata panya wote wangepona, kutoka kwa panya hadi kwa mtoto ni safari ya miaka.

Pengine dawa ile haifai kitu. Usingegusa kadi, leo tungekuwa tunajua.