Kitambaa Juu ya Kiboksi cha Intaneti

Kazija, wewe ushawahi kuishi na mende ndani ya kiboksi cha intaneti?

Ijumaa tatu mwanangu Hisham ananipigia kutoka Maskati, kwenye laptopu uso unaganda. "Mama, nataka nikwambie..." Basi, kaganda. Mie nshadhani anaumwa.

Leo kaja Khelef fundi. Kafunua kile kitambaa changu cha kufuma, nlichokifunikia kiboksi kisipate vumbi. Kufungua kiboksi, mende, Kazija. Mende na mayai yao. Mmoja kanipanda mkononi.

Khelef ananambia, "Bi Asila, umewafunika shuka, wamelala joto."

Nimekosha mikono mara nne, bado nahisi miguu ya yule mende.

Kaweka kiboksi kipya. Hisham kapiga, uso umetulia. "Mama, nimeacha kazi. Nnarudi kukaa na wewe."