Shimo la Mguu wa Anyelo

Kaka Fermín,

Shikamoo. Mgongo vipi? Na shemeji Nurys, presha imeshuka? Mimi nipo. Magoti yanauma, huku baridi imeshaanza. Usicheke mwandiko. Barua zote alikuwa anaandika marehemu mke wangu Mireya, na toka afe sijashika kalamu.

Klabu imemwacha mwanao Anyelo. Hilo unalijua. Ila kwenye simu ya dukani ulikuwa unapiga kelele tu, hukunisikia.

Mkataba wake uliisha mwaka huu. Kulikuwa na mwaka mmoja zaidi juu yake, ila huo ni wa klabu kuamua. Wakitaka wanamwongeza, wasipotaka kwaheri. Toka Julai mabosi walikuwa wanabishana. Mmoja anasema anarusha mpira vizuri, abaki. Mwingine anasema ana miaka thelathini na mbili, mkono umechoka, kwa hela yake tunapata vijana wawili. Mwisho wakasema wamsikilize Haskell.

Haskell ni mzee anayewafundisha warushaji wa besiboli hapa klabuni. Yeye mashine za kupimia haziamini. Asubuhi baada ya mechi anashuka uwanjani na fimbo, anaangalia kile kilima cha udongo anachosimama mrushaji. Mrushaji akiwa mzima, mguu wake wa mbele unatua palepale mechi nzima, unachimba shimo moja. Mkono ukianza kuuma, mguu unahama. Kilima ni kazi yangu, na sifukii mpaka yeye aone. Ananiita mchimba kaburi, nami namwita nesi, lakini shimo tunalisoma wote wawili.

Agosti nzima alichokonoa na fimbo, akasema yule Mdominika mwenzako ni nguzo, hasogei. Mabosi wakaanza kulegea. Jumapili Anyelo akaja kula wali na maharage kwangu kama kawaida yake, akanitania, baba mdogo nunua sufuria kubwa, mwakani bado nipo. Nikamuuliza mkono. Akasema mtoto wa mkata miwa haumwi mkono, labda mdomo.

Wiki ya mwisho ya Septemba, raundi ya tano ya mechi, alirusha akakaa chini. Mimi nilikuwa kwenye uzio na reki yangu. Hakulia. Alishika kiwiko kama mtu aliyebeba yai. Daktari alisema ndani kumekatika, na kulikuwa kumechanika toka zamani, angepumzishwa mapema angepona. Sasa harushi tena. Safari hii mabosi hawakubishana hata dakika kumi.

Uliniuliza kwenye simu kama nilijua. Nikasema sikujua. Nilikudanganya.

Nilijua toka mwanzo wa Agosti. Shimo lilihama upana wa kiganja. Nikalifukia kabla mzee hajaja, nikachimba jingine pale pa zamani kwa kisigino cha kiatu changu. Mechi tano nilifanya hivyo. Haskell alikuwa anasoma mguu wangu.

Utasema nilitaka mwanao aongezewe mwaka kwa faida yake. Hapana, kaka. Wangemwacha angerudi huko, na mimi Jumapili ningekula na ukuta. Ni hilo tu. Sina jingine la kusema.

Yeye hajui. Jana alikuja kuniaga, akanishukuru eti nimemtunzia kilima vizuri miaka yote. Akaniachia glavu yake. Ipo mezani, sijaigusa.

Barua hii atakuletea mwenyewe, kesho anaipitia. Nimemwambia ni salamu tu, ataitia mfukoni kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia haukunjiki. Unaposoma hapa labda amekaa hapo mbele yako anangoja umwambie baba mdogo kaandika nini. Mwambie wewe. Mimi jana nilijaribu, nikaishia kumuuliza kama ameshakula.

Nisalimie shemeji, na yeyote huko atakayetaka bado kusalimiwa na mimi.

Mdogo wako,
Eladio