Gari Lisilo na Klachi

Jumanne, 3 Juni 1997

Nimeamka kabla ya adhana. Boneti juu. Maji sawa. Oili ya injini sawa. Betri safi, nimefuta vumbi na kupaka grisi kwenye vichwa. Mkanda wa feni ulilegea, nimekaza. Nimewasha, nimesikiliza dakika kumi, nimezima. Kisha chai.

Wiki ya tatu sasa nafanya hivi kila asubuhi, na gari halijatoka uani hata siku moja. Mama Zuhura anasema nimekuwa mfugaji wa ng'ombe asiyekamwa. Kacheka peke yake. Mimi nilinuna. Nilicheka baadaye, nikiwa chooni.

Niandike kwa utaratibu, maana miaka thelathini nilijaza logibuku za malori ya shirika na sikuacha mstari mtupu. Gari: saluni nyeupe, mtumba wa Kijapani, limepitia Dubai. Aliyeleta: Zuhura, binti yangu, ambaye yeye na mumewe wanauza magari Ilala. Sababu: halikupata mnunuzi. Ni otomatiki. Wateja wanalizunguka, wanachungulia chini ya usukani, wanaona pedali mbili, wanaondoka. Siku hizi kila kitu kinaingia nchini, hata gari lisilo na klachi.

Zuhura amenipa kwa ajili ya mguu. Miaka miwili iliyopita lori lilidondoka kutoka kwenye jeki, likanisaga goti la kushoto. Sasa linakunjika nusu tu. Klachi ya lori haikanyagwi kwa nusu goti. Nikastaafishwa. Shirika lenyewe halikukawia, nalo likastaafu.

Sitaki gari la kuonewa huruma. Nimeandika.

Ijumaa, 6 Juni

Salamu zimekuja kutoka kwa mama, Kisarawe. Hitima ya marehemu baba ni Jumapili ya tarehe 13 mwezi ujao.

Kila mwaka nilikuwa naomba lori kwa bosi, napakia mchele, masufuria na ndugu, naenda. Mama ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Hanioni, ananisikia. Nyumba yake iko juu ya kilima. Nikifika bondeni nashusha gia, tatu kuja mbili, mbili kuja moja, na yeye huko juu anabandika chai. Ikichemka nimeshafika mlangoni.

Mwaka jana nilipelekwa na gari la watu. Nimekaa mbele yake kibarazani, yeye bado anauliza mwanawe Saidi yuko wapi. Nikamshika mkono. Akanipapasa mpaka akafika gotini, akalia mbele ya ukoo mzima. Sikuwahi kujisikia mdogo vile.

Mwaka huu nataka anisikie nakuja. Hilo tu. Hakuna kingine ninachokitaka hivyo.

Basi nitalijaribu hilo sanduku jeupe.

Jumapili, 8 Juni

Uwanja wa shule, asubuhi, hakuna mtu. Mama Zuhura kakaa kushoto na kikapu chake cha nyanya. Nimewasha, nimeweka kwenye D, gari likaanza kutembea lenyewe kabla sijakanyaga kitu. Sikulipenda hilo. Gari liondoke kwa amri.

Tumekwenda kama hatua hamsini. Mwendo ukazidi, sikio likaniambia badilisha gia. Mguu wa kushoto, huu huu mbovu ambao kupanda ngazi hauwezi, ukanyanyuka wenyewe ukatafuta klachi. Ukakuta breki. Gari likasimama kama limegonga ukuta. Nyanya za mama Zuhura zimefika mbele kabla yake.

Tumejaribu tena. Mguu tena. Mara saba. Mara ya nane mama Zuhura akateremka, akasema atatembea.

Jumatano, 11 Juni

Zuhura kaja kunifundisha. Mimi niliyemfundisha yeye kuendesha, pale pale uwanjani, akiwa na miaka kumi na tisa.

P ya kuegesha. R ya kurudi. N haina kazi. D ya kwenda. Halafu kuna 2 na L. Nikamuuliza hizo za nini. Kasema za milimani, unalilazimisha gari likae kwenye gia ndogo. Nikasema likishajichagulia gia lenyewe, mie ni nani wa kuliingilia. Kanitazama vile mama yake anavyonitazama.

Mguu bado. Kasema niukunje nyuma ya kiti. Haukunjiki, ndiyo maana tuko hapa.

Jumatatu, 16 Juni

Mama Zuhura kapata dawa. Kaja na kanga yake ya zamani, kapiga magoti upande wa dereva, kaufunga mguu wangu wa kushoto kwenye chuma cha kiti. Fundo la mtu aliyezoea kufunga mizigo. Majirani wamepita wakatusalimia kwa adabu sana, kisha nikawasikia wakicheka kwenye kona.

Nimezunguka uwanja mara kumi na mbili. Breki za ghafla: hakuna. Mguu ulikuwa unapiga piga ndani ya kanga kama kuku aliyefungwa, halafu ukachoka.

Nimefurahi. Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma.

Ijumaa, 20 Juni

Aibu. Jana nilikaa ndani ya gari kusikiliza mpira redioni, milango wazi, taa imewaka, saa mbili nzima. Leo nataka kwenda msikitini kwa mbwembwe, betri imekufa.

Gari likigoma linasukumwa. Ndivyo tulivyokua. Wanaume walipotoka kuswali niliwaita, wakaja kama kumi na tano, na kanzu zao wakazikunja. Fundi Kosmas, rafiki yangu wa gereji ya Tandika, naye alikuwa anapita na baiskeli. Yeye ni mtu wa Masasi, Mkristo, lakini kusukuma gari hakuna dini. Akashika buti. Nikaketi ndani, nikangoja mwendo ukolee, nikaingiza D. Kimya. Tena. Kimya. Wamenisukuma mpaka kwenye mashine ya kusaga, wamenigeuza, wamenirudisha. Mtaa mzima umetoka kutazama. Kosmas anapiga kelele tia gia ya pili, mie natafuta ya pili iko wapi.

Jioni Zuhura kafika na gari lao na waya mbili nene, kaunganisha betri kwa betri, nimewasha mara moja tu. Kisha akasema taratibu, kama anazungumza na mtu mwenye homa:

"Baba, otomatiki haisukumwi. Hata mkiisukuma mpaka Mbagala."

Watu kumi na tano walikuwa wamekaa barazani kwangu wakinywa maji.  Halafu Kosmas akaanza kucheka, na ikawa basi.

Jumamosi, 28 Juni

Mbagala na kurudi. Nimempeleka mama Zuhura dukani, nimemngoja, nimemrudisha. Kakaa mbele, mkono dirishani. Kanga imefungwa, lakini legelege. Mguu umetikisika mara moja tu, kwenye tuta.

Kusema kweli gari ni zuri. Laini. Sijawahi kuendesha kitu kisicholia. Kosmas nimemwambia bado silipendi.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Barabara ya Kilwa imejaa watu wanaokwenda maonyesho, sikutoka. Nimelikagua gari lote kwa ajili ya safari. Matairi manne na la akiba. Breki. Maji. Waipa.

Giaboksi hili lina kijiti chake cha kupimia oili. Nimepima kama nilivyopima maisha yangu yote: asubuhi, gari limelala, injini baridi. Oili imepita alama, imepita mbali. Mjapani kajaza kama anajaza ndoo. Oili ikizidi inapasua sili, inavuja, hilo kila dereva anajua. Nimeingiza mpira mwembamba, nimevuta lita moja na nusu. Nyekundu kama juisi ya rozela. Nimepima tena: kwenye alama, sawasawa kabisa.

Zuhura hajui hata kama kijiti hicho kipo. Uzoefu haununuliwi Dubai.

Alhamisi, 10 Julai

Nimetoka kwenda Mtoni, kulinyoosha gari miguu. Kwenye mwinuko limegoma. Nakanyaga mafuta, injini inanguruma, gari haliendi. Linateleza humo ndani, kama mtu anayekimbia kwenye matope. Nyuma wananipigia honi. Nimelirudisha kinyumenyume mpaka chini, na kutoka hapo nimejikokota hadi Tandika.

Kosmas kasikiliza, kanusa, kafuta mikono. Kasema giaboksi limekufa. La kubadilishia hajui linapatikana wapi, na hajawahi kulifungua la aina hii. Kaniambia kwa sauti ya msibani.

Siku tatu zimebaki. Kama mwinuko wa Mtoni unanishinda, kilima cha Kisarawe nakiota tu. Mama Zuhura kasema tutakodi gari la watu. Nikamjibu vibaya. Sikutaka kula. Nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani.

Ijumaa, 11 Julai

Zuhura kafika asubuhi, kaambiwa na mama yake. Hakufungua boneti. Kaniuliza kwanza nimegusa nini. Nikasema sijagusa kitu. Akauliza tena. Nikasema nimepunguza oili kidogo ya giaboksi, ilikuwa imezidi.

"Ulipima gari limewaka?"

"Nani anapima oili gari limewaka?"

 Akafungua boneti, akachomoa kijiti, na mie nikaanza kuelewa. Kasema giaboksi la otomatiki linapimwa injini ikiwa imewaka na imepata moto, gia iko P. Ukizima, oili yote inateremka chini, kijiti kinakuonyesha uongo. Haikuwa imezidi. Nimelinyonya damu gari zima, kwa mikono yangu, na siku ile nilijisifu kwenye daftari hili hili.

Nilitamani kusema Mjapani ndiye mjinga. Nikamwambia samahani, mwanangu. Sikumbuki kama nimewahi kumwambia hivyo.

Kaenda Kariakoo, karudi na oili nyekundu. Tumeimimina kidogo kidogo, injini inaunguruma, yeye anamimina, mie napima. Tulipofika kwenye alama akanipa ufunguo.

Mwinuko wa Mtoni: limepanda. Nimeshuka, nimegeuza, nimepanda tena. Mara nne. Muuza machungwa pale juu kaniuliza kama nimepotea.

Jumamosi, 12 Julai

Nimepima, limewaka. Sawa. Baada ya saa moja nimepima tena. Sawa. Mama Zuhura kasema nikipima mara ya tatu kijiti kitakatika.

Mchele umepakiwa. Masufuria mawili, moja halikuingia kwenye buti, litakaa na Zuhura kiti cha nyuma.

Jumapili, 13 Julai

Tumetoka saa moja asubuhi. Mama Zuhura mbele, Zuhura nyuma kakumbatia sufuria. Mumewe kabaki Ilala na magari. Kanga imefungwa. Tazara, barabara ya Pugu, Ukonga, Gongo la Mboto. Polepole. Malori yamenipita, madereva wawili wamenitambua wakapiga honi. Nami nikapiga. Kahoni kadogo, lakini nikapiga.

Baada ya Pugu barabara ikaanza kupanda, na gari likapanda kimyakimya, na hapo ndipo moyo ukaniruka. Halilii. Linajibadilishia gia lenyewe, huwezi kusikia kitu. Nitafika mpaka mlangoni kwa mama kama mwizi. Wiki tano nimehangaika na mguu, betri na oili, na jambo lenyewe nililolitaka sikuliwaza hata mara moja.

Sikuwaambia. Nimeendesha tu.

Tukateremka bondeni, chini ya kilima chake. Mkono wangu ukaenda kwenye gia kwa mazoea. Ukakuta ile 2. Nikaivuta. Injini ikapandisha sauti, gari likajishika. Nusu ya kilima nikavuta L. Likanguruma. Si lori, lakini lilinguruma, mara ya kwanza na mara ya pili, pale pale nilipokuwa nikishusha gia miaka yote. Zuhura nyuma akasema, "Baba, hapa D ingetosha." Mama yake akamwambia anyamaze.

Tumefika. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mkono kwenye kizingiti, uso umeelekea barabarani. Nyuma yake, jikoni, nikasikia kifuniko cha birika kikigonga gonga.

Nikateremka. Nikasema shikamoo mama.

"Marahaba. Nimekusikia bondeni," akasema. "Lakini Saidi, hilo lori lako mbona limekonda?"

Nimecheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikalia kidogo. Safari hii yeye hakulia. Kamimina chai.

Jumatatu, 14 Julai

Nimeamka kabla ya adhana. Maji sawa. Oili ya injini sawa. Oili ya giaboksi, gari limewaka: sawa. Vumbi jekundu la Kisarawe kila mahali, nimeosha.

Nilipokuwa nafagia ndani nimeikuta kanga chini ya pedali, fundo limefunguka. Nimemuuliza mama Zuhura kama aliilegeza. Kasema hakuigusa. Sijui ilifunguka wapi, Ukonga au mbele zaidi. Mguu ulikaa kimya njia nzima. Kanga ameifua, iko kambani.

Safari: Temeke hadi Kisarawe na kurudi. Mzigo: mchele, masufuria mawili, watu wawili. Hitilafu: hakuna. Dereva: Saidi.