Mume Wangu Asema Mshahara Unatosha

Mpendwa Mama Mshauri,

Pokea salamu za Kikristo kutoka huku Tunduma mpakani, mimi ni mzima na mume wangu Hezron ni mzima na mtoto wetu Anania ameshaota meno mawili, na baada ya salamu naomba uniokoe kabla sijaangua kicheko katikati ya ibada, maana jambo lililonipata mara nalicheka peke yangu kisimani, mara nikilikumbuka ugali unanishinda kumeza.

Hezron ni boi wa meza katika hoteli ya wasafiri, pale yanaposimama mabasi ya kutoka Mbeya kabla ya kuvuka kwenda Rodezia, na ni mtu wa furaha na ukweli, hajui kusema uongo hata wa mzaha, na nilipotaka kuolewa naye, baba yangu, mkulima wa kahawa kule Igamba, alikataa, akasema mbele ya wazee kwamba mwenye kubeba sahani za watu, ya kwake huwa tupu, ndipo Hezron akasimama akaapa kwamba mshahara wake utanilisha na siku nitakayolala njaa baba aje anichukue, na mimi nilivyompenda kwa kiapo kile siwezi kukuandikia hapa.

Basi mwezi wa kwanza wa ndoa akaniletea shilingi thelathini na tano zimefungwa katika leso, akanikabidhi kwa mikono miwili, nami nikapanga kama nilivyofundishwa na mama, lakini ikatoka kodi yake ya kichwa, ikatoka sabuni ya kanzu nyeupe ya hoteli ambayo Bwana mwenye hoteli anataka iwe kama maziwa na sabuni hatoi, ikatoka chumvi na mafuta ya taa na mchango wa kanisa, wakaja na wajomba zake kutoka Itaka kutazama mpaka, na kutazama mpaka kunatia njaa sana, na tarehe kumi na nane leso ilikuwa leso tu.

Sikumwambia. Nilikwenda kwa dada Priska, mjane jirani yetu ambaye hupeleka mayai mlango wa nyuma wa hoteli, nikamwambia najua kupika maandazi, nilifundishwa na mke wa mchungaji nikiwa msichana, tukapatana kwamba Hezron akishaondoka kwenda kazini mimi naenda kukaangia kwake, naye anapeleka kapu kwa jina lake na tunagawana, na fungu langu nachanganya na ule mshahara kwenye kopo, hivyo mwisho wa mwezi Hezron akitikisa kopo linalia, anasema, “Mama Anania, unasikia? Umebaki!” kisha anambeba mtoto juu na kuanza wimbo wa kanisa kwa sauti yake ya juu, ya tena, mpaka majirani wanaitikia besi kutoka majumbani mwao. Mama Mshauri, wewe ungemwambia?

Na kumbe maandazi hayo anayeyaandaa mezani ni nani, ni Hezron mwenyewe, anayabeba kwenye sinia kila basi linapofika, na akirudi nyumbani ananiambia, “Mama Anania, dada Priska ana mkono wa baraka, leo wasafiri wameomba mara mbili, hebu nenda siku moja akufundishe,” nami najibu, “Nitaenda, Baba Anania,” huku nimeuma ncha ya kanga nisicheke, na siku nyingine akaninusa akauliza mbona nanukia kama jikoni kwao, nikamwambia harufu umekuja nayo wewe, akaomba radhi!

Mwaka na zaidi ukapita hivyo na ningeendelea mpaka uzee, lakini mwezi uliopita watumishi wote saba wa hoteli walipatana kwenda kwa Bwana kuomba nyongeza, wakamchagua Hezron aseme kwa sababu Kiswahili chake ni kizuri na ni mzee wa kanisa, wakavaa nguo safi, wakasimama mbele ya meza, na Bwana hakungoja hotuba, akamwuliza, “Wewe Hezron, sema kweli, mshahara wako haukutoshi?” Na Hezron wangu, Mungu ambariki na amsamehe, akafikiri kidogo akajibu, “Bwana, nikisema kweli, mimi unanitosha. Hata hubaki.” Bwana akapiga meza kwa furaha, akawaambia wengine kama wa Hezron unatosha basi taabu ni wake zao, waende wakafunzwe na mke wa Hezron.

Na wamekuja! Wanawake watano wamekaa mlangoni kwangu wanataka siri ya kupanga fedha, na Yunisi, mke wa Yonathani dobi wa hoteli, mwenye watoto watano, amenishika mkono akasema, “Dada, nifundishe, nimechoka kuitwa mpotevu,” nami nikamfundisha kukata sabuni kwa uzi ili isipotee, akanishukuru kwa machozi, akaenda, na tangu siku ile sina raha. Yonathani amesema atangoja mpaka Bwana arudi kutoka safari baada ya Pasaka, watamwendea tena mara ya mwisho, wakikosa, yeye atavuka kwenda migodini, na tunawajua waliovuka, wengine barua ya pili haijafika mpaka leo.

Nikimwambia Hezron kweli naogopa nitamvunja, nitafanya kiapo chake kiwe uongo, baba atasema niliwaambia, na ule wimbo wa mwisho wa mwezi sitausikia tena. Nikinyamaza Yonathani anaondoka kwa ajili ya kopo langu. Nifanyeje? Tafadhali usinijibu kwa barua kwa sababu Hezron ndiye anayechukua barua zote posta, nijibu humu gazetini, ila uandike kwa namna ambayo hatatambua, maana ukurasa wako anaupenda mno, kila gazeti likifika na basi huwasomea wenzake kwa sauti uani mwa hoteli.

Mimi mwenye kopo,
Mama Anania

MAMA MSHAURI ANAJIBU

Mama Anania, nimesoma barua yako mara tatu, na mara zote tatu nimecheka mpaka mpiga chapa amekuja kuniuliza kama ni mzima. Mimi ni mzima. Wewe ndiye mwenye matatizo, binti yangu! Unaogopa barua asiisome mmoja, ukachagua gazeti analowasomea wenzake sita? Majina nimeyabadili yote, lakini hata nikikuita Malkia wa Sheba, je, huko Tunduma kuna mume mwingine aliyemwambia mkewe akafundishwe maandazi, mkewe akauma kanga?

Sasa nikugombeze kidogo. Kumfichia mume aibu si dhambi kubwa. Marehemu mume wangu alikuwa tarishi wa boma na mimi niliuza karanga miaka saba, naye alidhani fedha za karanga ni za kununulia pipi za watoto. Kosa lako ni Yunisi. Mama mwenye watoto watano amekuja kwako akiwa amechoka kuitwa mpotevu, nawe ukampa uzi wa kukatia sabuni! Yule si mpotevu. Anafanya kwa mshahara mmoja kile ulichoshindwa wewe mwenye mtoto mmoja. Nenda kwake leo, kabla hujaosha vyombo, umwambie.

Halafu sikia jambo ambalo wewe unalijua kwa mikono yako na hujalisema kwa mdomo. Mshahara unaotaka kapu la maandazi ili utoshe, hautoshi. Mwenye hoteli anamlipa mumeo kula ya nusu mwezi, na nusu ya pili anakulipa wewe mlango wa nyuma, na ile ya nyuma unaitolea jasho lako la pili, kuni zako na unga wako. Hajaongeza kitu. Watumishi saba wanafua, wanapika, wanatandika na kubeba, na wasafiri wanasifu hoteli. Mtu wa kazi kama hiyo akifika tarehe kumi na nane na leso tupu, taabu haiko kwa mkewe, na kiapo cha mumeo hakikuvunjwa na wewe. Kilivunjwa kila mwezi mezani kwa Bwana, mbele ya kanzu nyeupe.

La kufanya ni hili. Siku yake ya kupumzika mchukue Hezron mpaka kwa Priska, umwoneshe karai, umpe unga aukande. Usianze kwa maneno. Mtu akishakanda unga mpaka mabega yakamwuma, hahitaji hotuba. Baba yako wa Igamba mwachie kahawa yake. Hukulala njaa hata siku moja, kiapo kimetimia, ila kimetimizwa na watu wawili, na ndoa ni hivyo hivyo. Maandazi usiache. Pandisha bei, tena wiki hii, kama yameombwa mara mbili. Na Yunisi akitaka kukaanga pamoja nawe mkaribishe, lakini msije mkakaanga nyote mkadhani mmemaliza jambo. Hapo mtakuwa mnamlipia Bwana ubahili wake kwa mafuta yenu.

Lakini najua wewe, utasema kesho, utasema baada ya Pasaka, na gazeti litafika na basi kabla hujafungua mdomo. Kwa hiyo maneno yaliyobaki siyo yako.

Wewe baba unayesoma hapo uani, ambaye humu tumekuita Hezron, nimesikia sauti yako imeshuka tangu ulipofika kwenye leso. Usiruke mistari. Usikunje gazeti. Huna aibu yoyote. Ulimwambia Bwana kweli uliyoijua, na mtu mkweli akipewa kweli mpya huisema hiyo nayo. Waume wengi hawasifu mapishi ya wake zao mwaka mzima. Wewe umemsifu wako kila basi lilipofika, tena bila kujua, na yeye amekula sifa hizo akiwa ameuma kanga. Nenda ukamsifu sasa kwa jina lake. Mwisho wa mwezi ukitikisa kopo, imba kama kawaida, na safari hii mama mwenye kopo aimbe nawe, maana wimbo ulikuwa wake nusu.

Na Bwana akirudi, mwende wote saba na kapu la maandazi ya moto. Akikuuliza tena kama mshahara unakutosha, weka kapu mezani umwambie, “Bwana, nusu ya pili ya mshahara wangu ndiyo hii. Nimekuwa nikikuletea kwenye sinia mwaka mzima.”

Lakini Bwana hajarudi, na Yonathani yuko hapo karibu nawe na pasi yake ya mkaa, anakutazama. Basi jizoeze kwanza. Soma mstari huu wa mwisho kwa sauti ile ile unayoimbia, asikie yeye, asikie na mkewe: Mshahara hautoshi, na mimi ndiye nitakayesema.