Neno la Kale la Mzee Ndung'u

Nakuru,
14 Machi 1954

Kwa ndugu yangu Jotham,

Pokea salamu zangu za amani, pamoja na za mama yangu, Bi Kuluthum, ambaye haipiti wiki bila kukutaja. Natumaini kifua kilichokusumbua kimepoa, na kwamba wanafunzi wako huko Tororo hawakuchoshi. Sisi hapa tu wazima wa mwili. Barua hii nimempa Obura wa reli akuletee mkononi, kwa kuwa tangu itangazwe Hali ya Hatari, barua za posta hufunguliwa kabla hazijafika.

Uliniuliza kwa nini baba yako alikamatwa, nami nikakujibu kwamba sijui. Nakuomba usome hadi mwisho.

Mwezi wa Januari Wakikuyu wa mashamba ya Njoro waliletwa kuhojiwa habari za kiapo cha wapiganaji wa msituni, na mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Wengine walijibu kwa mdomo. Mzee Ndung'u alisema ataandika mwenyewe, tena kwa Kiingereza. Unamjua baba yako. Aliomba kiti, akaifuta kalamu kwa ncha ya koti, akajaza ukurasa mzima kwa herufi zake zilizonyooka. Alieleza kwamba vijana wanne walifika shambani wakitaka kuwalisha watu wake kiapo, naye akawatokea njiani. Kisha akaandika, "I let them."

Ofisa alisoma mara moja tu, akasema mzee amekiri kwamba aliwaruhusu. Akaniamuru nimwulize kama maneno yale ni yake. Mzee akajibu kwamba ni yake, kila neno, na kwamba hata mbele ya Mungu angeyarudia. Alikuwa akinitazama kwa furaha, kama mtu aliyemaliza kazi vizuri. Siku ya tatu akapakiwa kwenye lori kupelekwa kizuizini, kambi ya mbali huko kwenye joto. Mama yako akarudishwa Kiambu na sufuria mbili na blanketi.

Ofisini kuna kamusi kubwa inayoeleza kila neno la Kiingereza lilitoka wapi. Niliifungua. Inasema zamani Waingereza walikuwa na maneno mawili yaliyokaribiana, moja la kuachia na jingine la kuzuia. Miaka ilivyokwenda matamshi yakafanana, yote mawili yakawa "let". Lile la kuzuia likafifia midomoni mwa watu, likabaki katika maandiko ya kale na lugha ya wanasheria. Baba yako alijifunza Kiingereza jikoni kwa mmisionari, kwa kitabu cha kanisa chenye lugha ya miaka mia tatu iliyopita. Aliandika kwamba aliwazuia. Alisimama kati ya panga na majirani zake, na kwa hilo amefungwa.

Jotham, ningeweza kukomea hapo, ukadhani nimegundua kosa la mtu mwingine. Lakini mimi sikuhitaji kamusi. Zile Jumapili mchana tulipokuwa tukisoma kwenu, niliwahi kulifasiri neno hilo kuwa ni kuruhusu, na baba yako akanicheka, akaniambia kwamba katika kitabu kile maana yake ni kuzuia. Sikulisahau. Mbele ya ofisa lilinifika hadi kwenye ulimi. Wiki iliyotangulia, mkalimani mwenzangu Masinde alimtetea mtu aliyekuwa akihojiwa, na Masinde mwenyewe akafungiwa siku tisa. Nikaogopa. Nikanyamaza, na baba yako ananitazama.

Mwanzoni mwa mwezi huu askari mmoja aliyetoka kambini akaniambia kwamba mzee huwaeleza wenzake kuwa karatasi yake ni safi, na kwamba ofisini yuko mtoto wake anayeielewa. Mtoto huyo ni mimi.

Jumanne nikamwendea ofisa na kamusi mkononi, nikamweleza yote. Akasema hata pasi yake ya kusafiria inalo neno hilo kwa maana ile ya kale, na hajawahi kulifikiria. Kisha akasema kwamba mkalimani aliyenyamaza Januari haaminiki Machi. Nimefukuzwa kazi. Lakini faili hajaifunga. Anataka maandishi ya mtu mwingine aliyefundishwa na mzee neno lile.

Mtu huyo ni wewe, wala hakuna mwingine. Sijamtajia jina lako. Mkikuyu anayejitokeza siku hizi hajui jioni itamkuta wapi, nami sitakudanganya kwamba Tororo ni mbali. Ukiandika, mpe Obura. Ukichagua kunyamaza, mimi sina mdomo wa kukulaumu.

Msamaha siombi kwa barua. Nitauomba nikikuona, na nikimwona yeye.

Mama anasema uvae nguo nzito asubuhi. Hajui niliyoyaandika humu. Mungu akuhifadhi huko uliko, na amhifadhi mzee wetu.

Ni mimi, uliyeniita ndugu,
Alamin Darweshi