Mashine Iliyolia Mara Mbili Dukani kwa Bwana Yip

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Kwun Tong, Hong Kong. 14 Novemba 1993.
Jina: Fung Yuk-lan. Umri: miaka 71. Kazi: zamani mshonaji wa glavu kiwandani. Makazi: Ngau Tau Kok. Hakusoma.

Kwanza andika hili, Konstebo Szeto: tangu uvae hiyo kofia hujakanyaga kwangu. Umekulia mlango wa pili, umekula wali wangu mpaka ukaota ndevu, na leo tunaonana kwa sababu umemfunga mume wangu pingu. Haya, andika.

Mume wangu ni Mui Shu-tong. Mtoto wetu alikuwa mmoja, Kin-pong. Alifanya kazi kiwanda cha mashine za sataranji, na ndiye aliyeandika programu, yaani akili ya mashine. Jumapili alikuja na mashine nyumbani baba yake aijaribu. Mzee huanza kwa kusogeza askari, ile kete ndogo, wa pembeni kabisa. Watu humcheka, eti hakuna anayeanza hivyo. Pong akaifundisha mashine: ikiona hivyo, isogeze askari wake wa pembeni, kisha ilie mara mbili. Kwetu mtoto hagusi chakula kabla hajamwita baba yake kwa heshima, "Baba, karibu chakula." Pong akasema, "Sasa hata mashine itakuita, Baba."

Pong alikufa mwaka 1987, homa ya ini. Mashine ile tuliiweka jenezani, asikae bure huko. Baadaye kiwanda kilifungwa.

Mnamo tarehe 13 Novemba 1993, saa kumi jioni, tukitoka kununua samaki, tuliingia dukani kwa Bwana Yip. Mezani palikuwa na mashine ya sataranji yenye jina tusilolijua.

Bwana Yip akasema, "Mzee, hii imetoka juzi. Akili mpya kabisa, itakutoa jasho."

"Mimi sitolewi jasho na mtoto wa juzi," mume wangu akajibu.

Akasogeza askari wa pembeni. Mashine ikasogeza wa kwake. Ikalia mara mbili.

Mume wangu akasema, "Pong yumo humu."

"Nani?"

"Mwanangu."

Bwana Yip akacheka. "Humo mna betri nne tu, Mzee."

Mume wangu akaichukua, akakaa nayo sakafuni. Mimi sikulia. Nilikuwa nimeshika samaki. Bwana Yip akaivuta, mume wangu akamsukuma, naye akaangukia kabati la kioo, akachanika mkono. Andika kwamba alimsukuma. Simdanganyii mtu, hata mume. Lakini hakuiba. Mwizi hukimbia, yeye mlimkuta palepale.

Bwana Yip anasema mashine ni mpya. Lililo jipya ni sanduku. Kuna mtu amechukua kazi ya mwanangu akaivika nguo nyingine. Labda hata Yip hajui. Mnayo hapo kabatini, iwashe.

Niliyoyaona ndiyo hayo, sina la kuongeza.

(Alama ya dole gumba la shahidi)

Nimemsomea shahidi maelezo haya, ameyakubali. Mbele yake na Bwana Yip niliwasha kielelezo, yaani mashine hiyo, nikasogeza askari wa pembeni. Kilijibu kama alivyosema, kikalia mara mbili. Bwana Yip ameomba kuondoa lalamiko la wizi. La kujeruhi linabaki. Shahidi ameagiza niandike pia kwamba nikienda kwake nisipeleke matunda kama mgeni. Niende na njaa, na nisiguse chakula kabla sijamwita mzee.

Konstebo Szeto Wing-hang