Sifa ya Kumi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute magoti yakiwa yamepunguza ukorofi na macho bado yanahesabu vishono bila miwani. Mimi huku ni mzima. Sweta uliyonifumia imefika. Mikono ni mirefu kidogo, lakini wenzangu ofisini wanasema ndiyo mtindo, kwa hiyo nimenyamaza nikajidai.

Uliniuliza jambo moja, nami nimekaa nalo wiki mbili. Uliuliza kwa nini chama kimelikata jina la kaka kwenye orodha ya wagombea udiwani, baada ya miaka mitano ya kuhangaika na mitaro na taa za barabarani, na kwa nini majirani wanasema mwanao ana kiburi. Ukasema labda mimi najua, kwa kuwa kazi yangu ni hayo hayo. Najua, mama. Najua kuliko ninavyopenda.

Chama kiliipa ofisi yetu ya utafiti wa maoni kazi ya kuwauliza wapiga kura wanawaonaje madiwani wao na wale wanaotaka kuwania. Kila mtu anasomewa sifa kumi, na kwa kila sifa anatoa alama, kuanzia moja hadi tano. Kuzichagua sifa hizo nilipewa mimi. Usidhani ni mchezo. Niliweka “mpole”, ikabidi niitoe, kwa sababu tulipoijaribu nusu ya watu walidhani tunamsifu mtu na nusu wakadhani tunasema amezubaa. “Mjanja” nayo ilizua ubishi hadi mkuu wangu akaifuta mwenyewe. Zikabaki tisa safi: mwaminifu, mchapakazi, jasiri na nyingine. Ya kumi ikanishinda.

Mchana huo nilipita ofisini kwa kaka. Nilimkuta kwenye korido, karibu na ubao wa matangazo, akizungumza na fundi bomba. Nikamwita. Kimya. Nikamwita tena kwa lile jina lake la nyumbani, Bosi, hadi watu waliokuwa kwenye foleni wakageuka. Yeye hakugeuka. Alimaliza mazungumzo akaenda zake. Yule fundi akacheka, akaniambia nisijisumbue, diwani wao huitika anapojisikia. Niliona aibu, nikapandwa na hasira. Niliporudi mezani kwangu niliandika sifa ya kumi bila kufikiri mara mbili: msikivu. Mkuu wangu aliipenda sana.

Matokeo yalipokuja, kaka alikuwa na alama za juu karibu kote. Kwenye uchapakazi aliwaacha wenzake mbali. Kwenye usikivu alipata moja nukta tatu, wa mwisho katika kata zote. Muuza mboga mmoja alieleza kwamba alimsalimia mara tatu, diwani akampita kama amepita nguzo. Chama kikasema mtu asiyesikiliza watu hafai. Mimi nilipoiona ile namba ndipo nilipokumbuka nilikuwa nimesimama upande gani siku ile. Kushoto kwake.

Mama, sikio la kushoto la kaka halisikii. Halisikii kabisa, tangu alipokuwa na miaka kumi na moja. Ulimwambia mara ngapi kwamba ametia pamba masikioni? Ulimnyima mara ngapi kwenda kucheza kwa kosa la kutoitika? Utaikumbuka wiki aliyolia sikio, akasema ameingiwa na mdudu. Hakukuwa na mdudu. Tulikuwa tunacheza hospitali, yeye mgonjwa, mimi daktari wa miaka sita, na kifaa changu kilikuwa sindano yako ndefu ya kufumia. Aliiosha bombani huku analia, akairudisha kwenye kikapu chako, akaniapisha nisiseme, maana alijua ningechapwa. Nikakua, sikusema, na mwishowe nikasahau. Hapo ndipo ninapoumia zaidi. Nimemhukumu kaka yangu kwa sikio nililoliharibu mwenyewe.

Nilimwendea nikamsihi akawaambie viongozi wa chama ukweli. Alikataa. Alisema wataulizana ilikuwaje, habari itakufikia, nawe utakaa na ile sindano mapajani ukijilaumu kwa adhabu zote zile. Afadhali aitwe mwenye kiburi. Kisha akataka kujua kama nimekula. Nililia njia nzima.

Rufaa za waliokatwa zitasikilizwa Ijumaa ya wiki ijayo. Nimewaandikia chama pamoja na mkuu wangu, nikaeleza habari ya sikio, na kwamba nilificha kuwa diwani yule ni ndugu yangu. Barua hizo nitazipeleka Jumatatu, hii yako ikiwa imeshakufikia, kwa sababu sikutaka uyasikie haya kwa watu. Kaka sikumwomba ruhusa. Huenda kazi yangu ikaota nyasi, na bado jina lake lisirudi.

Nisalimie shangazi, ila tafadhali usimsomee barua hii, unamjua mdomo wake. Siombi unisamehe haraka. Naomba moja tu. Jumapili kaka akija kukuona, usimwite kutoka jikoni. Nenda ukakae upande wake wa kulia, ndipo umwambie kwamba umeshajua.

Ni mimi mkosefu,
kitinda mimba wako.